Kilomita za Mwisho: Gari la Spoti la Viti Viwili kwa Mtu wa Kasikeu

Mtu akitaka kununua gari la spoti la viti viwili, mazungumzo huanzia kwenye injini. Ina nguvu farasi ngapi, inafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde ngapi, inanguruma vipi. Kwa mtu wa Kasikeu, maswali hayo yanafaa kuja mwishoni. Kasikeu ni wadi ya eneo bunge la Kilome, kaunti ya Makueni, na wengi wenye uwezo wa kununua gari la starehe huko wanafanya kazi Nairobi, Athi River au Mombasa, nao hurudi nyumbani wikendi, sikukuu na siku za matanga. Safari yao ina sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni lami ya Barabara ya Mombasa hadi Sultan Hamud, takriban kilomita 110 kutoka Nairobi. Ya pili ni fupi, pengine haifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo ya kwanza, lakini ni ya udongo, kokoto, mchanga na makorongo hadi kwenye lango la boma. Ninachokitetea hapa ni kwamba hizo kilomita za mwisho ndizo zinazopaswa kuchagua gari, na kwamba mtu akizitii atajikuta na gari dogo, jepesi na la nguvu ya wastani, ambalo kwa bahati njema ndilo pia litakalompa raha zaidi kwenye lami.

Ukambani ni nchi kame yenye misimu miwili ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, na hii ya pili ndiyo wakulima wa Makueni huitegemea zaidi. Mvua ikinyesha hushuka kwa nguvu juu ya udongo uliokauka kwa miezi kadhaa. Maji hukimbilia barabarani, huchimba mifereji kando ya njia na mara nyingine katikati yake, kisha hupotea. Inayobaki ni njia yenye mikondo miwili ya magurudumu na mgongo mgumu wa udongo baina yake. Mgongo huo ndio adui wa gari la chini. Penye mito ya msimu pana drifti za saruji, na saruji inapoishia pana ukingo ambao mafuriko ya msimu mmoja yanatosha kuugeuza kidato. Isitoshe, njia hizi husimamiwa na serikali ya kaunti, na nyingine na mamlaka ya barabara za vijijini, KeRRA. Greda ikipita mwezi huu njia huwa laini kama uwanja, na baada ya mvua mbili huwa si ile tena. Kwa hiyo atakayeamua kwa kuitazama barabara ya Agosti anajidanganya. Barabara ya kupimia gari ni ile ya Novemba.

Sasa tutazame vipimo. Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, ambayo Wajapani huiita Roadster na ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2015, ina nafasi ya takriban sentimita 14 kutoka ardhini hadi tumboni. Honda S660, kigari cha viti viwili chenye injini katikati kilichotengenezwa kuanzia 2015 hadi 2022, ina takriban sentimita 12 na nusu. Daihatsu Copen ina karibu 11. Tofauti ya sentimita tatu inaonekana si kitu mpaka mgongo wa njia uwe na kimo cha sentimita 12. Wala kimo peke yake hakitoshi. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma una uzito uleule, kwa sababu gari refu huliegemeza tumbo lake juu ya tuta huku magurudumu ya mbele yakiwa yameshavuka. MX-5 ina mita 2.31 tu kati ya magurudumu, na ndiyo maana huvuka matuta ambayo gari refu lenye kimo hichohicho lingeyakwaruza. Tena vipimo vya kiwandani ni vya gari tupu. Wakiketi watu wazima wawili na mizigo ya nyumbani ikijaa kwenye buti, springi hushuka na sehemu ya zile sentimita 14 huliwa papo hapo.

Wapo watakaopinga kwa kutaja historia, na historia yenyewe ni ya kweli na ya kujivunia. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliwahi kutwaliwa mara mbili na gari la spoti la viti viwili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda wakiwa ndani ya Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, akisaidiwa na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina hiyohiyo baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata pointi za adhabu. Ikiwa gari lile lilistahimili maelfu ya kilomita za vumbi na tope la Afrika Mashariki, hoja yao inasema, litashindwaje na njia ya Kasikeu? Jibu ni kwamba gari lililoshinda halikuwa lile la dukani. Lilikuwa limeinuliwa, tumbo lake limekingwa kwa bamba la chuma, mwili umeimarishwa, na njiani kulikuwa na mafundi waliolisubiri na spea mkononi. Mwenye gari wa kawaida ana jeki na simu. Lancia Stratos, gari la viti viwili lililokuwa likiogopwa Ulaya kuliko yote ya zama zake, liliingia Safari ya 1975 likaishia nafasi ya pili na ya tatu nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Peugeot 504 ni gari lililobeba abiria na magunia katika kila wilaya ya Kenya. Tukiisoma Safari kwa makini, inatufundisha kwamba katika ardhi hii uimara wa springi, urahisi wa kutengenezwa na subira ya dereva huyashinda maungo ya kasi.

Sheria nayo hupunguza chaguo kabla hata pesa haijatajwa. Kiwango cha ubora cha Kenya, KS 1515, kinakataza kuingiza nchini gari lililotumika lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na kinataka usukani uwe upande wa kulia. Hivyo magari mengi ya viti viwili yanayouzwa rahisi Ulaya na Marekani yanatoka, na vilevile yale ya Kijapani ya zamani yanayopendwa, kama Toyota MR-S na vizazi vitatu vya mwanzo vya MX-5. Yanayobaki yanatoka hasa Japani na Uingereza. Kisha inakuja kodi. Mamlaka ya kodi, KRA, haiitazami risiti ya mnada. Huchukua bei ya gari hilo likiwa jipya katika orodha yake, ikatoa uchakavu kulingana na umri pamoja na kodi zilizomo katika bei hiyo, na juu ya thamani inayobaki ikaweka ushuru wa forodha, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 35, halafu ushuru wa bidhaa, halafu VAT ya asilimia 16 juu ya vyote hivyo. Gari la injini ndogo lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni moja linakaribia milioni 1.9 kabla ya ada ndogondogo, usafiri na malipo ya wakala wa bandarini. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi sentimita za ujazo 1500, na hupanda tena ikizidi 3000. Hapo ndipo panapojitokeza jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Roadster ya paa la turubai inayouzwa Japani ina injini ya sentimita za ujazo 1496, ilhali ile ya paa gumu, RF, ina 1997. Tofauti ya kodi kati ya hizo mbili haitokani na ubora wa safari. Inatokana na mstari uliochorwa na serikali, na gari dogo liko upande mzuri wa mstari huo.

Atakayepinga hapa atauliza: gari la spoti lenye nguvu farasi 131 ni spoti gani, hali Nissan Fairlady Z ya kizazi kilichopita ina injini ya lita 3.7 na Toyota Supra mpya ina hadi lita 3? Namjibu kwa uzito na kwa sheria. Roadster ya lita 1.5 ina uzito wa karibu tani moja tu, na hisia ya gari la spoti iko katika wepesi wa kukata kona, usukani unaoeleza kinachotokea chini ya tairi, na gia inayoingia bila kusukumwa. Hivyo vyote mtu huvipata katika mwendo halali. Kwenye barabara kuu ya njia moja kila upande, gari la binafsi halitakiwi kuzidi kilomita 100 kwa saa, na mijini 50. Injini ya lita 3.7 kwenye Barabara ya Mombasa hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake, na salio likitumiwa hutumiwa kuvunja sheria katika nchi inayopoteza watu zaidi ya 4,000 barabarani kila mwaka. Mimi simwoni aliyelipa kodi ya juu kwa ajili ya nguvu asizoweza kuzitumia kuwa amenunua vizuri zaidi.

Usalama wenyewe unahitaji kutazamwa kwa utulivu, maana hapa ndipo ninapoona hoja nzito kuliko zote dhidi ya gari hili, nayo haihusu udongo. Barabara ya Mombasa ni njia ya malori ya bandari. Treni ya SGR imechukua sehemu ya makontena, lakini misururu ya trela bado ipo usiku na mchana kati ya Kyumvi, Salama, Sultan Hamud na Emali. Dereva wa gari lenye kimo cha mita 1.23 hukaa chini kiasi kwamba macho yake yako usawa wa magurudumu ya trela. Haoni kilicho mbele ya lori mpaka achungulie, na kuchungulia ni kutoka kwenye mstari wake. Dereva wa lori naye, aliye juu ya kabini, anaweza asimwone kabisa akiwa ubavuni. Usiku taa za magari marefu humpiga usoni moja kwa moja. Wepesi wa gari husaidia kuvuka haraka, lakini hausaidii kuona. Anayelichagua gari hili hana budi kukubali mwenendo tofauti: kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori ili macho yapate pembe ya kuona, kungoja mahali palipo wazi kabisa, kuwasha taa mchana, na kusafiri mapema asubuhi badala ya usiku wa Ijumaa. Asiyeweza kuahidi subira hiyo, namshauri aliache hata kama njia ya nyumbani kwao ni lami tupu.

Kuishi nalo kuna mengine ambayo picha za mnada hazionyeshi. Jua la Ukambani saa sita mchana si jua la kufungulia paa. Raha ya paa wazi iko alfajiri na baada ya saa kumi na moja jioni, na hata wakati huo ukiwa nyuma ya trela unavuta moshi wa dizeli na vumbi la breki. Turubai inataka kivuli. Gari likikaa nje mwaka mzima, kitambaa hupauka na mishono hulegea, na kivuli cha mwembe hakitoshi kwa kuwa utomvu na kinyesi cha ndege huharibu kitambaa na rangi. Banda la mabati lenye ukuta upande wa upepo ni sehemu ya bei ya gari hili. Vumbi jekundu huingia kwenye reli za madirisha, kwenye mitaro ya kutolea maji ya paa na kwenye chujio la hewa. Mitaro hiyo ikiziba, mvua ya kwanza ya Oktoba huingia ndani na kulala chini ya zulia, na harufu yake haitoki upesi. Chujio la hewa linalodumu kilomita nyingi Yokohama halidumu hivyo hapa. Radieta na kile kipozeo cha kiyoyozi vimekaa chini mbele, mahali mawe yanaporushwa na magurudumu ya wengine, na wavu wa chuma wa bei ndogo nyuma ya tundu la bampa ni matumizi ya busara kuliko rimu mpya.

Kuhusu rimu na tairi nasimama kidogo zaidi, kwa sababu makosa mengi hufanyikia hapo. MX-5 haina gurudumu la akiba. Huja na dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo. Dawa hiyo huziba tundu la msumari, haizibi ubavu uliopasuka kwenye jiwe. Tairi yake ya kawaida, 195/50 ya rimu ya inchi 16, ina ubavu wa karibu sentimita 10, na huo ndio mto pekee kati ya rimu na shimo. Wenye gari hupenda kuongeza rimu hadi inchi 17 au 18 na kushusha springi ili gari lipendeze. Kwa mtu wa Kasikeu kufanya hivyo ni kulipa pesa ili gari lisifike nyumbani. Ushauri wangu ni kinyume: abaki na rimu ndogo kabisa ambayo breki zinaruhusu, asiguse kimo cha springi ila kwa kukiongeza, na kabla ya kulipa aulize katika maduka mawili matatu ya tairi kama saizi ile ipo au huagizwa. Tairi inayosubiriwa wiki mbili hulifanya gari lilale bandani wiki mbili.

Spea ndilo swali linalotenganisha magari yanayofanana machoni. Injini ya lita 1.5 ya MX-5 ni ya ukoo mmoja na ile ya Mazda Axela, gari lililojaa Kenya, hivyo fundi anayejua Axela haanzi sifuri, na mafuta, plagi na vichujio havimfanyi mtu azunguke maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, siku nzima. Vioo, bampa, taa na kitambaa cha paa ni habari nyingine, maana hivyo huagizwa. Upande wa pili wako magari ya viti viwili ya Kijerumani yaliyokwisha kusajiliwa nchini, kama BMW Z3 na Z4 au Mercedes SLK, ambayo bei yake hushawishi kwa sababu kodi ililipwa zamani. Mitambo ya paa la SLK linalojikunja kwa umeme na mafuta ya haidroliki ni ya ajabu inapofanya kazi. Ikikwama ukiwa Sultan Hamud, hakuna gereji ya karibu itakayoigusa kwa ujasiri. Gari la bei ndogo lenye mitambo mingi ni ghali kuliko gari la bei ya wastani lenye mitambo michache, na umbali kutoka Nairobi huizidisha tofauti hiyo. Bima pia iulizwe mapema. Ile ya kuwalinda wengine ni lazima kisheria, lakini bima kamili hutozwa kwa asilimia ya thamani, na kampuni huweza kusita au kupandisha bei kwa gari ambalo bampa yake hutoka Japani. Siku ya kuliuza, wanunuzi watakuwa wachache, na atakayehitaji pesa ya karo kwa haraka hataipata kwa gari hili kama angeipata kwa Toyota Probox.

Nimeitaja Probox, gari la kubebea watu na mizigo, na hapo ndipo pingamizi la kijamii linapokaa. Katika kijiji, gari si la mwenyewe tu. Hubeba mgonjwa usiku, hubeba mitungi ya maji mto unapokauka, hubeba maembe na magunia ya ndengu hadi sokoni, huwapeleka wazee mazishini. Gari la viti viwili, wanasema, ni tangazo la ubinafsi. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu limejengwa juu ya uhitaji halisi. Lakini idadi ya viti si kosa. Vyombo vinavyoiendesha Kasikeu kila siku tayari ni vya viti viwili: bodaboda, ambayo kisheria hubeba abiria mmoja, na pikapu ya kabini moja. Hakuna anayeviita vya kibinafsi, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake na watu wanajua wasikiombe nini. Tatizo huanza pale gari la spoti linapokuwa gari pekee la nyumba yenye wazazi wazee, watoto na shamba. Hapo pingamizi ni sahihi na mimi nasimama upande wake. Nyumba inayotegemewa na watu iwe na gari la kazi kwanza, jipya au kuukuu. Gari la spoti lije la pili, kwa pesa ambayo haikutolewa kwenye karo, kisima wala matibabu. Aliyetimiza hayo hana deni la kujieleza kwa mtu. Kuna anayenunua ng'ombe wa maonyesho, kuna anayejenga ghorofa ambayo hailali mtu, na huyu amechagua chombo cha kumpa furaha ya saa mbili kila wikendi.

Wapo ambao njia yao ya mwisho haitakubali gari lolote la sentimita 14, hata kama kila kitu kingine kimetimia. Kwao nina pendekezo ambalo halina aibu yoyote: gari liishie Sultan Hamud, mahali penye mlinzi na kivuli, na kilomita zilizobaki zimaliziwe kwa bodaboda au kwa ile pikapu ya nyumbani. Watu wa mabasi ya Mombasa wamefanya hivyo miaka yote. Kulazimisha gari lipite mahali lisipopita ndiko kunakoua sampu ya mafuta, na sampu ikipasuka bila dereva kutambua, injini hufuata.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye gari jingine nyumbani, mwenye banda, mwenye subira nyuma ya malori, achukue Roadster ya lita 1.5 ya gia za mkono iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, aache RF kwa ajili ya kodi, aache S660 na Copen kwa ajili ya kimo, na aache ya Kijerumani kwa ajili ya mitambo. Na kabla hajatuma shilingi moja Japani, namwomba afanye jambo lisilogharimu chochote: Novemba, siku mbili baada ya mvua kubwa, achukue rula na kijiti kilichokatwa kwa urefu wa sentimita 12, atembee kwa miguu kutoka lami hadi lango la kwao, na kila penye mgongo au kidato akisimamishe kijiti hicho penye mkondo wa gurudumu. Mgongo ukikipita kijiti mahali pamoja tu, hilo ndilo jibu la gari lake.